Kisanduku Kisichokubali Upuuzi

Jumatatu, 3 Machi
Kazi ya heshima! Mganga mkuu wa kliniki ya meno ananitaka nitengeneze ukurasa wa tovuti, wagonjwa wajiandikishe wenyewe. Kero yake: watu huandika namba ya simu kwenye kisanduku cha jina. Nimemaliza kabla ya chai. Nasikiliza kila kitufe kinachobonyezwa. Kisipokuwa herufi, nakimeza, kisiandike kitu. Mwenzangu, tunayemwita Miwani, akashauri nikague maandishi yaliyomo kisandukuni, si vitufe. Wivu tu huo.

Jumanne, 4 Machi
Dada wa mapokezi kakosea herufi, kashindwa kuifuta. Kumbe kitufe cha kufuta nacho si herufi! Nikamweleza kuwa mfumo unamfunza umakini. Akauliza mfumo wenyewe utafunzwa lini adabu. Basi, nimekiruhusu. Na cha nafasi pia, maana majina yalishikana kama mabehewa. Ukarimu wangu hauna mpaka.

Jumatano, 5 Machi
Balaa. Mama mkwe kaja, shavu limevimba kama puto. Jina lake lina ng', na kile kialama cha juu kisanduku kinakimeza. Nikamsihi aandike bila hicho. Akajibu, jino likimuuma vilevile, kwamba baba yake hakumpa jina lenye pengo. Akagoma kwenye benchi, machozi yakimlenga. Mke wangu akapiga simu. Aliyoyasema siyaandiki.

Mara daktari akatoka na kuita, “Ndugu Sifuri Saba Moja Nne!” Mzee mmoja akasimama. Alikuwa amenakili namba yake kwenye simu na kuibandika penye jina. Hakubonyeza kitufe chochote; ningemsikiaje?

Alhamisi, 6 Machi
Miwani kabadilisha: sasa kisanduku kinakagua kilichomo, kiwe kimeingia kwa njia yoyote; namba inakataliwa, kialama cha ng' kinapita. Dakika kumi. Mama mkwe kaandikishwa, kang'olewa jino, kambariki Miwani mbele yangu. Nimemsamehe. Ganzi ilikuwa haijamtoka.

Ijumaa, 7 Machi
Nimepewa ukurasa wa malalamiko, mganga mkuu akisema huko siwezi kuharibu kitu. Imani iliyoje! Nikatafakari: kila lalamiko hupitia kwenye kibodi. Basi nimemeza vitufe vyote. Na kubandika nimekuzuia. Mimi si mtu wa kurudia makosa.

Tangu asubuhi hadi jioni, hakuna lalamiko hata moja! Kliniki haijawahi kupendwa hivi. Nimemwomba mganga mkuu aitishe kikao, wafanyakazi wote wasikie siri ya mafanikio. Miwani akae mbele.