Lenzi Iliyoota Ukungu

Jumatatu, 3 Juni
Usingizi hakuna. Nageuka huku, nageuka kule. Fundi cherehani amehama chumba cha mbele cha mama mkwe, kile chenye dirisha kubwa linalotazama barabara. Studio ile! Mimi napigia watu picha chumbani kwetu tunamolala, na kila mteja akija mke wangu anatoka na mto wake mkononi. Amesema amechoka. Kasema kwa upole, ndiyo maana naogopa.

Mshindani: Tabasamu, mpiga picha wa ng'ambo ya barabara. Kamera mpya, meno yote nje. Ila alimpiga mama mkwe picha, na mama kalalamika kwamba kaongezewa miaka. Kesho zamu yangu, na atakayemridhisha mama ndiye atakayepata chumba.

Jioni nimeimulika kamera yangu kwa tochi. Mtumba wa mitumba. Kifuniko cha betri kinashikwa na mpira wa suruali, lenzi ya kizamani inazungushwa kwa mkono. Salaale! Ndani ya lenzi kumeota ukungu, kama mkate uliosahaulika kabatini. Nimekwisha.

Jumanne, 4 Juni
Mama mkwe kakaa dirishani. Mke wangu kashika shuka jeupe limrudishie mwanga upande wa kivuli. Mimi nazungusha lenzi, jasho linanitoka.

Picha imetoka laini, nuru imemzunguka, mikunjo yote imekwenda likizo. Nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kuomba radhi. Mama akaiangalia. Kisha akafuta macho, akasema huyu ndiye msichana aliyeolewa na marehemu mume wake. Jumamosi niwapige hivyohivyo wenzake wa kikundi cha akina mama. Wakiridhika, chumba changu!

Mke wangu kacheka mpaka usiku. Nimefurahi, lakini kutulia siwezi. Kama lenzi chafu imefanya haya, lenzi safi itafanya nini?

Alhamisi, 6 Juni
Tabasamu kaja kunipongeza. Wee! Kaomba aione lenzi, kaichungulia, kaguna. Kisha akaniambia ndugu yangu, lenzi hii usiiguse, hata vumbi usipanguse.

Ahaa! Kikulacho ki nguoni mwako. Anataka niende mbele ya akina mama na ukungu!

Nimejifungia. Pete ya lenzi nimeifungua kwa kikata kucha. Siki, pamba, subira. Kioo cheupe pe pe pe! Parafujo moja imebaki mezani. Kiwandani walizidisha, bila shaka.

Jumamosi, 8 Juni
Sijui nianzie wapi.

Wamekuja wamependeza, poda, vilemba, mikufu. Nimewapiga kwa madaha, dirisha lilelile, shuka lilelile. Picha zimetoka kali kama wembe. Kila kunyanzi limehudhuria. Mwenyekiti wa kikundi ana ndevu. Sikujua. Naye hakujua.

Hawakugombana nami. Heri wangegombana. Walivaa viatu mmoja mmoja wakaaga. Mama mkwe akailaza picha yake kifudifudi, akaniuliza, baba, yule kijana wa Jumanne yuko wapi? Kisha akamwomba mwanawe namba ya Tabasamu.

Mke wangu kachukua mto wake kaenda kwa mama yake. Safari hii hakusubiri mteja. Nimeumia. Kitanda kimekuwa kipana mno, nimezunguka chumba kizima kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Jumapili, 9 Juni
Tabasamu tena! Kaja na soksi ndefu ya kike, ile nyembamba ya kuonyesha ngozi. Eti ukungu ndio uliokuwa unalainisha sura. Eti nivute soksi mbele ya lenzi nitapata ulaini uleule. Eti chumba yeye hakihitaji, kamsihi mama mkwe anipe nafasi nyingine kesho asubuhi.

Mpaka hapo nimeelewa. Ukungu ndio ulikuwa mali! Lakini soksi? Niwachungulie wakwe kwa soksi, mtaa mzima unicheke? Mjanja huyu! Nimemshukuru, nikamsindikiza mpaka ng'ambo ya barabara nihakikishe kaondoka.

Mimi ukungu nitauotesha mwenyewe. Nimeizungushia lenzi kitambaa kibichi, nimeitia kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kipande cha mkate, nimeuweka bafuni nyuma ya ndoo. Kamera nayo nimeitia humohumo, ikolee vizuri. Miezi mitatu tu. Mama mkwe atasubiri, mtu mzima haharakishi mambo.

Mke wangu kapiga simu sasa hivi. Anauliza kama Tabasamu amenifikishia soksi, maana ni yake, na ni yeye aliyemtuma. Nimemwambia asihofu, imefika na imepata kazi: ndiyo niliyofungia mfuko.

Simu ikakatika. Mtandao wa siku hizi ni mbovu kweli.