Nipeni Jembe

Jumanne, 11 Machi

Nimefika. Miaka kumi na mitatu nimekaa Bergen, Norwei, mji ambao mvua yake haijui Jumapili, na leo nimefika kwetu Maguu, Mbinga, kwa mama yangu mzazi, Mama Walburga. Vigelegele, machozi, kukumbatiana. Nikadhani nimefika kweli. Thubutu!

Nimewekwa sebuleni. Peke yangu! Kiti cha mito, kitambaa cha kufuma, chupa ya chai yenye maua, kalenda ya parokia. Shangazi Kunigunda akaninawisha mikono kama askofu. Kisha firigisi. Sahani nzima, mimi na firigisi tunatazamana. Wengine wote wako jikoni na Mama, wanacheka. Othmar, mdogo wangu, amekalia debe karibu na moto huku anagombezwa kwa kuleta kuni mbichi. Debe lile lilikuwa langu!

Baadaye Othmar akaja kunipa habari. Jumapili ya tarehe 23 ukoo utakaa sengu, kikao chetu Wamatengo. Tutakula pamoja, kisha Mama atagawa vipande vya mlima. Nikauliza kuhusu kile cha upande wa jua, alichonionyesha marehemu Baba akasema ni changu. Othmar akajikuna kichwa. Akasema Mama ana msemo wake: vipande ni vya watu wa nyumbani, mgeni hupewa kuku.

Mgeni! Mimi! Na firigisi nilikuwa nimeshaimeza.

Alhamisi, 13 Machi

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Leo ndiyo ya tatu. Niliamka nikavaa suruali kuukuu, nikasimama mlangoni, karibu kabisa na jembe. Nikakohoa. Nikasema kwa sauti kwamba hali ya hewa inafaa kazi.

Othmar akaja mbio, akachukua jembe akalificha uvunguni. Akaomba radhi. Eti lisije likanikwaza.

Wakaenda shambani wote. Nimeshinda na kalenda ya parokia.

Ijumaa, 14 Machi

Nimechunguza jambo. Katika nyumba hii mtu wa nyumbani hutambulika kwa kugombezwa. Othmar hugombezwa asubuhi, hugombezwa mchana, hugombezwa kabla ya rozari. Ananenepa tu! Mimi tangu nifike sijasikia hata neno moja kali. Basi mpango: nigombezwe. Nikigombezwa, kipande changu.

Nikaingia jikoni na viatu vya matope, nikakaa kwenye kigoda cha Mama, nikachovya kidole kwenye mboga. Mtoto mwingine angepigwa mwiko. Mama akatabasamu. Akachukua kitambaa, akanifuta viatu. Mama yangu, mwenye goti bovu, ananifuta viatu! Nilitaka kulia kwa hasira.

Na leo ni Ijumaa ya Kwaresima. Nyumba nzima inakula majani ya maboga. Mimi nikaletewa kuku. Nikapinga, nikasema na mimi nimebatizwa, tena parokia hiihii. Shangazi akasema wageni na wagonjwa wamesamehewa. Udhalilishaji mtupu. Nilimla kuku yule kwa hasira mpaka akaisha.

Jumamosi, 15 Machi

Mpango mpya. Mtoto wa nyumbani huleta kitoweo. Nikachukua bodaboda mpaka Liuli, nikanunue samaki ziwani kama alivyofanya Baba kila Kwaresima. Makalio hayasemeki.

Ufukweni nikamkuta mama muuza samaki, Rukaiya. Nikamsalimu vizuri, nikataka mbasa. Akanitazama kofia, akanitazama viatu, akaniuliza natembelea kutoka nchi gani. Nikamwambia nimezaliwa nyuma ya milima ile pale! Akasema hongera, nakisema Kiswahili vizuri, na karibu sana Tanzania.

Nikafika nyumbani nimelowa na mbasa mkubwa. Mama akashukuru, akampika, akamgawa. Kichwa, mkia na tumbo, vyote sebuleni, kwa mgeni. Jikoni walikula majani ya maboga. Nikawasikia wanacheka.

Jumatatu, 17 Machi

Sasa vitendo! Msimu wa ngolo, kilimo chetu cha mashimo, ndio huu. Mwanamume hukata nyasi na kuzilaza mirabamiraba mlimani. Wanawake huja nyuma kuchimba katikati ya kila mraba na kufukia nyasi kwa udongo, wakipanda maharage. Nani atamwita mgeni mtu aliyelaza nyasi kwa mkono wake?

Nikaiba nyengo ya kukatia nyasi. Alfajiri nilikuwa upande wa jua nikikata. Mgongo ulilia, viganja vilichubuka, lakini nilinyoosha miraba ile mpaka nikajisifu mwenyewe. Ukoo ulipopanda mlima nikasimama katikati ya kazi yangu, mikono kiunoni.

Othmar akavua kofia. Akatangaza mbele ya wote kwamba hajaona mgeni mwenye moyo kama huu. Kumbe miti ya mpaka ilishakatwa, nami nimefyeka kipande cha Othmar! Changu, alichonionyesha Baba, kiko ng'ambo ya kijito, nyasi zimefika kifuani.

Wamenipigia makofi. Kesho kuku mwingine.

Alhamisi, 20 Machi

Viganja vimevimba. Shangazi ananikanda kwa maji ya chumvi na kuniita mgeni wetu mpendwa. Sina pa kukimbilia.

Mke wangu Lidia amepiga simu kutoka Bergen. Akauliza kwa nini nisimwambie Mama tu kwamba nakitaka kipande, na kwamba inaniuma kukaa sebuleni. Nimwambie tu! Lidia hajui mikakati. Tena jambo la kuombwa si heshima. Lazima litoke kwao.

Lakini niandike ukweli, maana daftari halisemi. Naogopa. Kule naendesha basi, na bibi wa ghorofa ya pili hajawahi kuitikia salamu yangu, sasa mwaka wa tisa. Kule kila mtu huniuliza nimetoka wapi. Nikawa najibu kwa kifua: Mbinga! Nimefika Mbinga, kila mtu ananiuliza ninarudi lini. Nikikosa kipande kile nitakuwa mgeni pande zote mbili. Inauma.

Zimebaki siku chache. Nina mpango mmoja, na huu hauwezi kushindwa.

Jumamosi, 22 Machi

Naandika nikiwa Mbinga mjini, chumba cha nyumba ya wageni. Nimehama. Nimefukuzwa! Au karibu sawa na kufukuzwa.

Jana wote walikwenda Njia ya Msalaba. Mgeni alisamehewa. Nikaingia jikoni. Mpango: niwapikie. Mgeni hapiki, mwenye nyumba hupika. Juu ya kichanja, penye moshi wa moto, nikakuta kibuyu cha maharage mazuri, yenye mistari myekundu, yamejaa majivu. Nikasikitika kwa uchafu ule. Nikayaosha mara tatu. Nikayachemsha mpaka yakalainika, nikaunga kitunguu na karanga. Harufu ilifika barabarani.

Wakarudi, wakafurahi, wakakaa jikoni, nami wakaniletea kiti cha mito kutoka sebuleni. Mama akamega tonge, akachovya, akatafuna. Akaacha kutafuna. Akatazama bakuli. Akatazama kichanja.

Yalikuwa mbegu. Mbegu ya ngolo ya mwaka huu, aliyokuja nayo alipoolewa, anayoitunza kwa majivu msimu hadi msimu. Ilikuwa ipandwe leo.

Sijasikia maneno yale tangu nilipounguza kibanda cha mbuzi. Alianza kwa Kiswahili, akaona hakitoshi, akahamia Kimatengo. Aliniita Fonsi, jina la utotoni! Mbele ya watu, mimi mwenye miaka arobaini na sita! Mjinga, mlafi, kichwa cha baba yako! Akauliza huko Ulaya nilifundishwa na nani kula kesho. Akaninyang'anya sahani. Akanitoa kwenye kiti cha mito kwa sikio, akampa kile kiti Shangazi, akanisukumia kwenye debe. Shangazi akaahidi kumkopesha mbegu nyingine. Mama hakunyamaza. Othmar, msaliti, alikuwa anatoa machozi kwa kucheka, akanigonga bega na kusema karibu.

Na haikuishia hapo. Leo alfajiri Mama aligonga mlango kwa mwiko. Hakuna chai! Akanitupia jembe miguuni. Jembe! Akasema nimekula mbegu, nitachimba, tena ng'ambo ya kijito, na nyasi nikate mwenyewe. Nikamkumbusha kwa adabu kwamba kwenye ngolo kuchimba ni kazi ya wanawake. Akasema na kupika je?

Mtu mzima hatupiwi jembe. Nimefunga begi, nikapanda bodaboda. Siku kumi na moja nawavumilia, na malipo yangu ndiyo haya.

Jumapili, 23 Machi

Othmar amepiga simu. Watu wameshakusanyika sengu. Anasema Mama ananuna, anachungulia barabara kila pikipiki ikilia. Anasema kipande cha ng'ambo ya kijito Mama ameshakitaja kwa jina langu mbele ya ukoo. Si Alphonce, alisema cha Fonsi. Kwa hiyo niache upuuzi nirudi. Jembe langu liko palepale nilipoliacha, hakuna aliyeligusa.

Nikasubiri aombe radhi kwa niaba ya familia. Hakuomba. Nikauliza nitakaa wapi. Akasema kwani debe limeota mbawa? Nikauliza kama watanitumia gari. Akacheka. Akasema niwahi, maana Mama ameagiza kwamba Fonsi akichelewa asiwekewe chakula.

Nisiwekewe chakula! Mimi! Siku zote hizi nilichelewa nikawekewa, nililala nikawekewa, nilikataa nikawekewa, na leo, siku ya ukoo, nife njaa kama mtoto wa nyumbani! Nikakata simu. Kuna mambo mtu hayamezi. Waendelee na mlima wao.

Hapa mjini angalau wana adabu. Dada wa nyumba ya wageni, Aurelia, amenipa kiti chenye mito. Amenipigia goti kidogo, akaninawisha. Ukumbi mzima ni wangu, na ukutani kuna kalenda. Akauliza ninarudi Ulaya lini, nikamwambia nikipata ndege hata kesho. Kisha akaniletea kuku, na firigisi juu yake, akasema karibu sana mgeni wetu.

Nilitokwa na machozi. Hatimaye mtu anayejua mimi ni nani.