Vifaranga wa Kivita

Jamani, leo nimeaibika mbele ya mama mkwe, tena nikiwa nimevaa kitenge kipya.

Nianzie mbali kidogo. Mama mkwe anakaa Endagikot, sisi tuko huku Nambis. Alinipa kuku mmoja wa ukoo wa kuku wake, akaniambia, "Akiangua nitakuja kuwaona watoto." Msione ni jambo dogo. Mke wa shemeji yangu mkubwa alipewa kuku kama huyo, akamchinja Pasaka. Mpaka leo anasimuliwa kila tukikaa kupukuchua mahindi. Mimi sikutaka kusimuliwa.

Kuku akaangua. Mwewe naye akaanza kuja. Akabeba wawili huku namwona!

Hapa kwetu dawa ya mwewe inajulikana. Unawapaka vifaranga rangi ya waridi, mwewe akiwaona anawashangaa na kuwaogopa. Wa jirani yangu Mama Gwandu wote ni waridi, unawaona tangu barabarani. Nikamcheka. (Kwa sauti. Ndiyo maana yaliyonipata leo nimestahili.) Mimi nilikuwa nimeangalia video kwenye simu, jinsi ndege za kivita zinavyopakwa rangi.

"Mama Gwandu," nikamwambia, "ndege ya vita haipakwi waridi. Mgongoni ni kijani na kahawia, adui akiwa juu anaona shamba tu. Tumboni ni rangi ya mawingu, wa chini aone anga. Mabaka yanapishana ovyo ili jicho lisijue bawa linaanzia wapi. Na rangi yenyewe haing'ai, maana ikimeta juani imejiuza."

"Na kuku je?"

"Kuku hana mabawa?"

Akaniangalia. Akaendelea kuchambua maharage yake.

Nikachemsha majani ya chai mpaka yakawa meusi, nikachukua na rangi ya chakula ya kijani, nikawapaka migongo mabaka mabaka. Matumbo nikayaacha na weupe wake. (Wa kuwaona kwa chini ni siafu tu, nao hawajalalamika.) Jamani, walipendeza! Wakitulia kwenye nyasi huwaoni. Jana mwewe alikuja, akazunguka, akazunguka tena, akaondoka bila kitu. Nilimpigia makofi.

Leo mama mkwe kafika, na wenzake wawili wa jumuiya.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hamjambo hapa?"

"Hatujambo."

"Ng'ombe wazima?"

"Wazima, mama."

"Haya, watoto wa kuku wangu wako wapi?"

"Wapo mama. Hapo."

Akatazama hapo. Wakati huohuo mwewe akapita juu! Kuku akatoa ile sauti ya hatari, akakimbilia kwenye kichaka, na vifaranga wote wakalala chini kimya. Hapo pakabaki nyasi.

"Mwanangu," mama mkwe akasema taratibu, "kama mmewala, sema."

Wale wa jumuiya wakatazamana. Nikaona kabisa jina langu linavyoingia kwenye kupukuchua mahindi. Nikapiga magoti na kitenge changu, nikaanza kupapasa nyasi. Hapa jiwe. Hapa gunzi. Mama Gwandu kasimama kwenye ua, kaziba mdomo.

Mara nikaona kitu. Cha mviringo, kahawia, kina kijani kwa mbali, kimetulia kabisa. Nikakifunika kwa viganja upesi kisinitoroke.

"Huyu hapa mama!"

Na kwa heshima zote, magoti bado yako chini, nikamkabidhi. Mama mkwe akapokea kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa.

Mavi ya ng'ombe. Ya asubuhi. Juu yamekauka, chini bado.

Mama Gwandu alikaa chini nyuma ya ua, nikawa naona kilemba tu kinatikisika. Nilitamani na mimi ningepakwa ile rangi.

Mwewe akaenda zake. Kuku akaita, na nyasi zikaanza kutembea! Vifaranga wakatoka kila upande, mmoja akatokea chini ya gauni la mama mkwe. Akawatazama mmoja mmoja, mikono kaiinua mbali na nguo.

"Hawa ni wangu," akasema. "Hawajaliwa."

Ndipo akacheka. Alicheka mpaka akaniegemea begani, na mimi nikacheka huku nalia. Sijawahi kumpenda mama mkwe kama leo.

Tukanawa mikono beseni moja. "Mwewe umemweza," akaniambia, "lakini na mimi nataka kuwaona. Wapake waridi." Mama Gwandu alikuwa ameshaleta kopo, wala sikumwomba.

Wakati wa kuondoka mama mkwe kaniahidi jogoo, tena atamleta mwenyewe.

Kwa hiyo msinicheke. Nyie mnaowapelekea wakwe zenu sukari na vitenge, mmeahidiwa nini?