Gari ya Marehemu Inachemusha Mafuta

Lundi, tarehe 7 juillet, mwezi wa saba, 2025. Butembo.
Gari imechemuka tena! Ile nyekundu ya mashindano ya mbio, ya 1974, ya marehemu baba ya patron wetu, Papa Vagheni. Tulipanda mulima moja tu. Mushale yenye inaonyesha moto ya mafuta ya motere ikafika 140. Ikizidi pale, mafuta inakuwa kama maji, motere inakufa. Na motere ya vile haiko tena, hata Kampala. Papa Vagheni alisema ikikufa, atakuwa amezika baba yake mara mbili.
Samedi tarehe 12 gari inangojewa Beni, batu baione ku uwanja moja ya Mulekera. Mwenye atatambua ugonjwa ya gari atapewa fungulo yake. Atakuwa mukanika yake wa kila siku. Tuko wawili tu ku garaje. Hulda iko na diplome. Miye niko na macho.

Mardi 8.
Hulda aliazima termometre ya mwalimu wa kemia, akaitia ndani ya mafuta. 138! Donc basi, mushale haidanganye. Akabadilisha mafuta, akatia ya nzito. 138 tena. Aliniuliza, Phinées, ulimi yako nayo imeharibika, iko panne?
Nilishika mabomba mbili ya mipira ya radiatere ndogo, ile ya kupoesha mafuta. Ya kuingia: moto. Ya kutoka: moto sawasawa! Vidole viliungua. Donc ile radiatere haipoeshe kitu. Sikusema. Kwanza nijue yote, kisha niseme mbele ya Papa.

Mercredi 9.
Nimejua. Afazali nisingejua!
Hulda alienda kununua chapati. Nililala chini, nikachungulia mbele ya radiatere. Karton. Karton ya sabuni! Upepo haipite hata kidogo. Na mwenye aliitia ni miye. Mwezi wa sita, juu ya baridi ya asubuhi, vile badereva bote ba Butembo banafanyaga, motere ipate moto mbio. Nikasahau.
Nikisema, nimejifukuza kazi. Plan: nitoe karton kwa siri. Kisha nigonge motere na bisibisi, tok tok, gari inapona, batu banashangaa.
Nilinyosha mukono. Hulda akarudi, chapati mu kinywa.

Vendredi 11.
Hulda hatoke pale! Anakulia pale. Anasomea Biblia pale. Nilimuambia mama yake anamuita. Alijibu mama yake iko Oicha, anavuna kakao. Nilisema nyumba ya jirani inaungua. Alisema basi ubebe ndoo. Nilibeba. Nilizunguka mutaa yote na ndoo ya maji, batu banauliza moto iko wapi.
Magaribi Papa Vagheni alisema tunaenda Beni kesho, hata vile. Hulda atafuata na pikipiki. Miye nitakaa ndani, niangalie mushale, juu miye hapana mutu wa maneno mingi. Na karton ingali pale!

Samedi 12. Beni.
Tulitoka na baridi. 90. Papa aliimba wimbo wa kanisa. Tukatelemuka, jua ikatoka. 110. 125. Papa aliacha kuimba. 135. Jasho yake ilianguka ku usukani. 142! Aliniuliza kama baba yake anakufa. Motere ilinuka kama sufuria yenye kuunguza maharagi.
Nilipiga kelele: tumbo! Papa alisimama, aliacha motere inazunguka. Pikipiki ya Hulda ilikuwa ingali mbali nyuma. Sikuenda ku majani. Nilikimbia mbele ya gari, nikapiga magoti, nikanyofoa karton, nikaificha ndani ya shati. Moto, Mungu wangu! Nililia kweli. Papa aliniona: magoti, machozi, mikono ku kifua.
Tukaendelea. 130. 110. 95!
Aliuliza pole pole: mwana wangu, ulifanya nini?
Pale ningesema. Neno moja tu. Nilisema: niliomba.

Dimanche 13.
Papa Vagheni alitoa ushuhuda ku kanisa ya Beu, kulekule Beni. Makofi! Kisha alitoa fungulo mu mufuko. Nilisimama, nikapangusa mukono ku suruali. Akapatia Hulda!
Alisema mutu mwenye Mungu anasikia vile, ni zambi kumuchafua na mafuta ya motere. Miye nimetiwa ku kundi ya maombezi. Siku tatu bila kula, tuombee lori yake yenye kukwama mu matope. Hulda alipita akichezesha fungulo. Aliniita pasta.

Lundi 14.
Njaa. Nimewaza: niende niseme ukweli?
Hapana! Niko na plan ya muzuri zaidi. Nitaanguka katikati ya maombi, nitatetemeka, nitasema nimeona maono: fungulo irudi kwa Phinées. Bamama ba maombezi banaaminiaga sana maono. Ila banasema maono ya kweli haitoke na siku tatu. Inahitaji siku saba bila kula.
Nimeandikisha jina.