Dawa ya Matope ya Bluff

Jumatatu, 5 Mei 2025
Bupe, binti wa shangazi, amekuja dukani, kwenye meza yangu ya kutengeneza simu, nimbadilishie kioo. Anasoma chuo kikuu hapa Durban. Kazi yake kuchota matope ya ufukweni kule Bluff na kutafuta bakteria. Kijiko kimoja tu, anasema, kina maelfu ya aina! Wengine hutoa kemikali za kuwaua wenzao, na kemikali za namna hiyo ndizo zinazofanywa dawa za vidonda. Akaongeza jambo kuhusu sumu na miaka mingi ya kupima. Sikusikiliza sana. Nilikuwa natafuta jina la kampuni yangu ya dawa.

Jumanne, 6 Mei
Bluff, maji yamekupwa. Nimejaza ndoo. Nimeogopa mawimbi, kaa, na mzungu mmoja mwenye mbwa. Bakteria nimewapa uji wenye sukari, nikawafunika nyuma ya duka. Jioni nikawasikia wanachemka. Sikugeuka.

Jumatano, 7 Mei
Harufu! Jules, Mkongo wa meza ya pili, anayeninyang'anya wateja kila siku, kapaza sauti: "Eish, iko kitu imekufa hapa!" Mbele ya wateja! Nikamjibu kwamba ni dawa ya vidonda, siri ya bahari, na nikamwonyesha kikopo nilichokijaza kutoka kwenye ndoo. Nilitaka tu kumnyamazisha. Nikatoka dakika tano kununua chai. Kurudi, kikopo ki wazi, Jules anajifunga kitambaa kidoleni, pale alipokatwa na kioo. Ameniambia asante. Nikafunika kikopo.

Alhamisi, 8 Mei
Meza ya Jules imefunikwa. Simu yake haipatikani. Henriette wa saluni ya jirani kasema yuko hospitali, homa kali, kidole kimevimba kama ndizi. Mungu wangu! Gari la polisi likasimama kwenye robot, taa za barabarani, mbele ya duka. Nililala chini ya kaunta mpaka taa ikawa kijani.

Nimempigia Bupe, nikasema ni rafiki yangu mmoja aliyetengeneza dawa ya matope kwenye kikopo, ikamdhuru mtu. Hakudanganyika. "Kaka Gilbert, chukua hicho kikopo. Wapelekee madaktari sasa hivi, useme ukweli."

Mlango wa hospitali nimeufikia mara tatu. Mara mbili nimerudi. Nesi akaniuliza mimi ni nani wa mgonjwa. Nikalia. Nikasema yote, mpaka uji.

Ijumaa, 9 Mei
Sijala. Simu ikilia, najua ni kifo. Imelia mara kumi na moja. Wateja wote.

Jumamosi, 10 Mei
Yu hai! Homa imeshuka, kidole kimebaki. Daktari kasema kikopo kiliwasaidia kuchagua dawa. Jules kanishukuru kwa kuja, kisha kaniahidi kunivunja meno nikimsogelea tena na kopo. Haki yake. Bupe kaniapisha nisiguse matope maisha yangu yote. Nimeapa.

Wakati wa kutoka nikamuuliza daktari dawa iliyomponya imetoka wapi. Akasema asili yake ni bakteria. Bakteria!

Jumapili, 11 Mei
Kanisani sikusikia neno hata moja. Nilikuwa nafikiri. Kosa nimeliona, tena dogo sana: Jules alipaka. Hii ni dawa ya kunywa.

Henriette anakohoa tangu juzi.