Jino Lililomezwa na Kuku wa Gaspard

Jumatatu, tarehe 6 Oktoba

Habari kubwa parokiani. Chumba cha kusomea kimepewa kabati la vioo, na rafu moja bado tupu. Mama Immaculée, mwenye ufunguo, ametangaza baada ya misa ya asubuhi kwamba anataka kitu cha kufundisha vijana. Ataamua Jumapili.

Kitu hicho ninacho. Meno ya samaki waliogeuka mawe, niliyookota zamani kwenye ukingo ulio nyuma ya nyumba ya baba yangu, Nyarusunga, juu ya ziwa. Mengi hayazidi punje ya ufuta. Siku ya kukimbia vita nilibeba kopo lenye meno hayo. Marehemu mke wangu, Suzanne, aliniuliza hadi mwisho wake kwa nini sikubeba godoro.

Nyarusunga sijaiona tena kwenye ramani yoyote. Kwenye kabati itaonekana. Nitaandika jina kwa wino mweusi.

Mpinzani: Gaspard, jirani yangu hapa Rwambuzi, aliyefiwa na mke kama mimi. Anataka kuweka pasi zake za makaa. Pasi! Watu wataziona wakiwa bado barabarani. Meno yangu yanahitaji lenzi na subira.

Jumanne, tarehe 7 Oktoba

Nimeosha meno na kuyachambua. Chekeche la Faida, mke wa mwanangu, maji, kisha ncha ya unyoya iliyoloweshwa, ya kunyanyulia. Faida hakufurahi. "Baba, hii chekeche ni ya unga ya bugali, si ya michanga!" Nimemwahidi kulirudisha safi. Sikusema lini.

Yaliyo mviringo kama kokoto ni ya kuvunjia konokono. Yaliyo membamba kama sindano, nadhani, ni ya kambale. Na lile kubwa, kubwa kama punje ya mahindi, pembetatu, rangi ya kahawia, makali pande zote mbili: papa wa baharini. Ina maana bahari ilifika kwetu! Kitabu changu kilichopoteza jalada kinasema jino la papa lina shina lenye pembe mbili. Hili halina shina. Bila shaka limevunjika.

Gaspard alilitazama kwa lenzi yangu mwenyewe, akacheka. "Papa? Requin hapa Ituri? Alipita njia gani, ya Komanda ao ya Niania? Na ku barrière ya askari walimuachaka apite tu?" Akasema ni jino la samaki wa ziwa, yule mkali mwenye meno ya mbwa. Wivu.

Nimeyabandika yote kwenye kadi nyeusi kwa gundi ya muhogo, kama tulivyobandika picha nilipokuwa mwalimu. Kadi nimeianika kizingitini. Nikaingia kunywa chai.

Baadaye. Janga! Kuku wa Gaspard, yule mwenye shingo tupu, ameparamia gundi. Meno madogo aliyadharau; angeyatemea mate, kama kuku angekuwa na mate. Akameza papa. Nilimwona akinyoosha shingo, na ile shingo haina manyoya ya kuficha kitu. Lilishuka mbele ya macho yangu.

Jumatano, tarehe 8 Oktoba

Asubuhi: huzuni. Mchana: wazo.

Kuku hutunza mawe katika firigisi. Basi jino langu limehifadhiwa vizuri kuliko lilivyowahi kuhifadhiwa kwangu. Kumwambia Gaspard ukweli? Parokia nzima ingejua kabla ya jioni. Lakini firigisi, kwa desturi, ni ya mwanamume aliye mzee kuliko wote mezani. Tangu baba yangu afariki, firigisi zote zimekuwa zangu. Inatosha kuku achinjwe nami niwe mgeni.

Nimemwambia Mama Immaculée kwamba Gaspard anamwalika Jumamosi kuangalia pasi. Nimemwambia Gaspard kwamba Mama Immaculée ameomba mwenyewe kuja, nami nimsindikize, na kwamba hakuna nyama aipendayo kama ya kuku mwenye shingo tupu. Mungu anisamehe. Gaspard alianza kung'arisha pasi nikiwa bado nasema.

Jumamosi, tarehe 11 Oktoba

Gaspard alipika mwenyewe. Bugali, sombe ya majani ya muhogo, kuku. Firigisi juu kabisa.

Akainyooshea mkono. Nikapinga, kwa adabu, kwamba mimi ndiye mkubwa. Akatoa carte yake ya utambulisho: né vers 1947, amezaliwa kuelekea 1947. Nikatoa yangu: né vers 1947. Nilimwuliza hiyo vers yake inaelekea mbele au nyuma. Akasema inaelekea firigisi. Mama Immaculée, ambaye bugali yake ilikuwa inapoa, akakata shauri: "Mugeni ni mugeni. Mupatie muzee Augustin."

Ushindi! Nilitafuna polepole, upande mmoja, kama mtu anayeogopa mwiba. Hakuna kitu. Nikaitoa mdomoni, nikaikagua kwa lenzi.

Gaspard akataka kujua natafuta nini. Nikasema mchanga.

"Muchanga? Augustin, weye unawazaka firigisi inapikwaka na uchafu yake ndani? Siye tunaipasulaka, tunamwanga, tunasukula!"

Nimekula firigisi karibu maisha yangu yote. Sijawahi kufikiri kwamba kuna mtu aliyezisafisha.

Ikanibidi nieleze yote. Mama Immaculée alicheka hadi akashika ukingo wa meza. Gaspard alicheka zaidi, kisha akaacha ghafla, akauliza kama lile jino ni la kule kwetu Nyarusunga. Nikasema ndiyo. Akainuka, akanionyesha shimo la taka nyuma ya jiko, akaenda kuleta maji. Mimi nikakimbilia chekeche la Faida.

Yeye alimimina, mimi nilichekecha. Kifungo cha shati. Ushanga wa buluu. Jino langu!

Na la pili. Pembetatu ile ile, makali yale yale, shina halipo vilevile. Tofauti ni rangi: jeupe. Gaspard alisema, kwa upole unaoudhi, kwamba hilo ni la samaki aliyemla wiki hii, kutoka ziwani, Kasenyi.

Mama Immaculée aliyatazama yote mawili kwa muda mrefu. Kisha akasema pasi zikae kushoto, meno kulia. Kadi niilete kesho baada ya misa. Sharti moja: niandike samaki, nisiandike requin. Nikauliza kuhusu jina la Nyarusunga.

"Andika kubwa, muzee. Mama yangu alizaliwaka kule kando."

Sikujua. Nililazimika kufuta lenzi, ingawa ilikuwa safi.

Jumapili, tarehe 12 Oktoba

Nimeamka mapema na kulifikiri jambo kwa utulivu. Meno mawili, umbo moja. Moja la zamani sana, moja la wiki hii. Hitimisho haliepukiki: papa hawakutoweka. Wangali ziwani, na Gaspard amekula mmoja na sombe.

Kadi mpya. NYARUSUNGA, kwa herufi kubwa. Chini yake: Samaki. Chini zaidi, kwa herufi zinazohitaji lenzi: wa jamii ya papa.

Gundi ya muhogo, nzito kuliko ile ya kwanza. Kadi iko kizingitini, juani, ikauke upesi. Kengele imelia, naingia kuvaa koti.

Jogoo wa Gaspard amesimama uani. Hana neno. Mwizi alikuwa yule mwenye shingo tupu, naye tumeshamla.