Daktari wa Mvua ya Friji

Kioko Ndambuki alinunua robo ya nyama mjini Machakos, ikafungwa kwa gazeti, na kabla hajafika nyumbani alikuwa amejipa udaktari. Gazeti lilisema gesi mpya ya friji, iliyoletwa badala ya ile iliyokuwa ikitoboa anga, ikivuja hupanda juu, huvunjwavunjwa na jua, kisha hushuka na mvua ikiwa asidi. Asidi hiyo haiozi. Ukichemsha, maji ndiyo yanapungua, yenyewe inabaki. Kwamba ni kidogo mno kumdhuru mtu, hilo liliandikwa upande wa pili, nao ulikuwa umelowa damu. Wasomi wa aina ya Kioko huishia hapo.

Ilikuwa Oktoba 2003, kiangazi kikali, na Kyumbi watu walipigania mtungi wa maji. Kioko akaazima koti jeupe la muuza nyama, akakodi lori la tangi, akamwachia mwenye lori ng'ombe wa mamake awe rehani. Mama, maskini, akaambiwa ng'ombe amepelekwa kwa fahali.

Wa kwanza alikuwa Mzee Titus wa Kathiani, bahili aliyefungia maji yake kufuli tangu Mei. Majirani aliwanyima hata kikombe. Aliposikia habari za asidi, akampa Kioko tangi zima, na jogoo juu. Jogoo! Mjinga anaibiwa na bado anashukuru.

Kisha Kioko akaona tangi la Mwanatumu, mwenye hoteli Mumbuni. Limejaa hadi mdomoni.

"Mama, friji yako ni ya gesi mpya?"

"Mpya kabisa."

"Aiya! Basi hii maji yote ni asidi."

"Si nitachemsha?"

"Ukichemsha unaizidisha ukali."

Mwanatumu akatazama damu kwenye mkono wa koti. "Subhanallah. Na wewe utaipeleka wapi, daktari?"

"Naenda kumwaga mahali hata mbuzi hapiti. Ni msaada tu, mama."

"Mungu akubariki. Lakini usiniachie sumu chini. Sugua mpaka sakafu."

Akasugua, bwana! Nusu siku daktari mzima yumo ndani ya tangi, suruali magotini, akitoa tope la miaka mitatu na panya wawili.

Kule Kyumbi, maji ya matangi yote mawili yakiwa yamechanganyika ndani ya lori, Nzembi wa kibanda cha chai alionja, akamtemea Kioko kotini. "Hii ni chumvi tupu!" Hakuna aliyenunua hata mtungi. Mwenye lori akaondoka na ng'ombe.

Kioko akarudi Mumbuni kwa hasira. "Mama, maji yako ni ya chumvi!"

Wateja wakaacha kutafuna.

"Ya kisima," akasema Mwanatumu. "Niko nayo ya kupiga deki. Wewe umezaliwa Ukambani, unaona tangi limejaa Oktoba unadhani ni mvua? Na umejuaje ni ya chumvi, daktari? Si ulienda kumwaga?"

Kioko akageuka kuelekea mlangoni. Nje mvua ikaanza, ikiteremka kwenye tangi safi.

"Usinyeshewe," Mwanatumu akamwambia. "Asidi hiyo."

Alifika kwao amelowa chapachapa. Mamake alikuwa langoni, ameshika kamba.

"Kioko, fahali amemaliza? Ng'ombe yuko wapi?"